Opalini ya Ufaransa: namna ya kuisoma seti ya chupa za manukato

Neno "opalini" limebebeshwa mzigo mzito. Muuzaji mmoja hulitumia kwa kopo jeupe lililotoka kwenye mashine miaka ya 1950, mwingine kwa chupa iliyopulizwa kwa mdomo enzi za mfalme Charles X. Kwenye minada ya mtandaoni vitu hivyo viwili hukaa jirani, vyote vimeandikwa "kristali ya kale ya Ufaransa", ilhali thamani zao ni mbingu na ardhi. Anayetaka kununua seti ya aina hii hana budi kutenganisha maswali matatu ambayo tangazo huyafunga kwenye kifurushi kimoja. Kioo hiki ni cha aina gani? Kilitengenezwa lini na wapi? Na je, vipande hivi vilizaliwa pamoja au vimekutanishwa njiani? Hili la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linalowaponza wengi.

Maziwa na moto

Opalini ni kioo kilichofifishwa kwa makusudi: mwanga hupenya, lakini kitu kilicho upande wa pili hakionekani umbo lake. Opalini bora ya Kifaransa, ile ya kati ya mwaka 1810 na 1840 hivi, ilianzia kwenye kristali, yaani kioo chenye oksidi ya risasi. Humo mafundi walitia majivu ya mifupa iliyochomwa hadi ikawa nyeupe, ambayo kikemia ni fosfeti ya kalsiamu. Ikiwa ndani ya chungu cha tanuri, mchanganyiko huo haukuonyesha weupe wowote. Weupe ulijitokeza kioo kilipopoa na kurudishwa motoni wakati fundi anakifinyanga, chembe za fosfeti zikajitenga na kutawanyika ndani yake. Kwa hiyo chupa moja haiwi na weupe wa kiwango kimoja. Kitako na kizibo, ambavyo ni vinene, huwa na maziwa mazito. Bega lililopulizwa jembamba huwa jepesi zaidi. Chupa yenye weupe uleule kila mahali, mnene na mwembamba, ina mapishi mengine.

Chembe hizo zikiwa ndogo sana, hutawanya zaidi mwanga wa buluu na kuuachia mwekundu upite. Iweke chupa nyeupe mbele ya kitambaa cheusi: itaonekana na ubuluu wa mbali. Iinue dirishani: mwanga unaopenya utakuwa wa rangi ya chungwa au asali. Ndiyo sababu hiyohiyo inayofanya anga liwe buluu mchana na jekundu jua linapotua. Wafanyabiashara wa vioo huita mng'ao huo "moto". Chembe zikiwa kubwa, rangi zote za mwanga hutawanywa kwa pamoja na kioo hubaki cheupe kama chokaa. Hicho ndicho kioo cha maziwa, ambacho mara nyingi kilifanywa kwa oksidi ya bati, aseniki au, baadaye katika karne ya 19, madini ya floridi.

Moto unakuambia mapishi, haukuambii anwani. Waingereza nao walitengeneza kioo chenye moto, na Waitaliano wa karne ya 20 vilevile. Tena rangi nzito huufunika: kwenye buluu ya firuzi au kijani kibichi utauona pembeni tu, kwenye ukingo mwembamba wa mdomo, au usiuone kabisa.

Kuhusu rangi, firuzi hutokana na shaba, na waridi bora hutokana na dhahabu. Dhahabu ni ghali na pia ni ngumu kuitawala, kwa sababu rangi yake hujitokeza pale tu kioo kinaporudishwa motoni; ukizidisha, waridi hugeuka kuwa kahawia chafu. Kutokana na hilo waridi ya zamani, na hasa ile ya zambarau-waridi ambayo Wafaransa waliiita "koo la njiwa", iko juu ya bei ya nyeupe na ya firuzi. Kuna pia "povu la sabuni", kioo chepesi cha kijivu chenye vivuli vya rangi vinavyohama ukiigeuza chupa. Manjano na kijani fulani za kuanzia miaka ya 1830 zina urani, nazo hung'aa kijani kikali chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Mng'ao huo unathibitisha urani peke yake, maana viwanda viliendelea kuitumia hadi karne ya 20.

Risasi inapimika

Neno "kristali" kwenye tangazo halihitaji kubishaniwa kwa maneno. Risasi huongeza uzito wa kioo, na uzito unapimika. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1969 inataka kristali ya risasi iwe na oksidi ya risasi isiyopungua asilimia 24 na densiti (gramu za kioo kwa kila mililita ya ujazo wake) isiyopungua 2.90, ile ya daraja la juu, asilimia 30 na 3.00. Sheria hiyo ilikuja zaidi ya karne moja baada ya chupa hizi, lakini ni rula nzuri. Kioo cha kawaida cha dirishani kiko karibu na 2.5.

Unahitaji mizani ya jikoni inayosoma gramu moja, au bora zaidi sehemu ya kumi ya gramu, pamoja na ndoo ndogo ya plastiki na uzi. Pima chupa ikiwa kavu bila kizibo na uandike uzito wake. Weka ndoo yenye maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Ijaze chupa maji ya ndoo hiyohiyo hadi hewa yote itoke, kisha ining'inize kwa uzi, izame yote bila kugusa chini wala kando. Hakikisha tu kwamba maji yaliyo ndani ya chupa yametoka kwenye ndoo hiyo baada ya mizani kuwekwa kwenye sifuri; njia rahisi ni kuizamisha chupa tupu polepole ijae ikiwa ndani ya ndoo. Gramu zinazosomeka sasa ni ujazo wa kioo kwa mililita. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Chupa ya gramu 412 iliyosomeka 137 ina densiti ya 3.0, hiyo ni kristali. Ingesomeka 165, ingekuwa 2.5, kioo cha kawaida.

Kinachoharibu kipimo hiki ni hewa. Kiputo cha mililita 10 kikibaki begani, chupa ileile ya kristali itasomeka 147 na densiti itashuka hadi 2.8, na utaikataa bure. Ukiona taabu, pima kizibo peke yake. Vizibo vingi ni kioo kizima kisicho na uwazi ndani, havina pa kuficha hewa. Usizamishe chupa yenye mapambo ya shaba yaliyogundishwa au picha zilizochorwa kwa rangi isiyochomwa.

Kugonga kwa ukucha na kusikiliza mlio ni jaribio la bilauri. Chupa yenye shingo nyembamba na tumbo lililofungwa hailii vizuri hata ikiwa kristali tupu, kwa hiyo usimkatae muuzaji kwa hilo. Mlio mbovu una faida moja tu: kukuonya utafute ufa.

Densiti ndogo haimaanishi kwamba kitu si cha Ufaransa. Kadiri karne ya 19 ilivyosonga, opalini nyingi za Kifaransa zilitengenezwa kwa kioo kisicho na risasi au chenye risasi kidogo. Ni opalini halali. Ila si "kristali", na bei yake isiwe ya kristali.

Kwa nini hakuna sahihi

Majina yanayotajwa zaidi ni Baccarat (kilichoanzishwa 1764), Saint-Louis (kilichofanikiwa kutengeneza kristali ya risasi mwaka 1781), Le Creusot, Choisy-le-Roi, Bercy na Clichy. Le Creusot ndicho kile kiwanda cha kristali cha malkia Marie-Antoinette kilichohamishiwa mkoa wa Burgundy mwaka 1787. Baccarat na Saint-Louis walikinunua na kukifunga mwaka 1832. Choisy-le-Roi kiliongozwa kuanzia 1823 na Georges Bontemps, mtu aliyeijua kemia ya kioo kuliko wengi wa zama zake.

Karibu vyote havikuweka alama kwenye opalini. Zaidi ya hapo, kuanzia miaka ya 1830 kampuni ya Launay, Hautin ya Paris iliuza bidhaa za viwanda kadhaa vikubwa kwa pamoja, ikachapisha katalogi zenye michoro ambamo umbo moja lingeweza kutoka kwa zaidi ya kiwanda kimoja. Halafu wapambaji wa Paris, Desvignes akiwa mashuhuri miongoni mwao, walinunua kioo kitupu na kukitia dhahabu na maua katika karakana zao. Kwa hiyo ukisoma "Baccarat, 1830" bila ushahidi wowote, soma "Ufaransa, huenda 1830". Baccarat ilianza kutumia lebo ya karatasi mwaka 1860, na alama iliyochomwa kwa tindikali ikawa ya kawaida kuanzia 1936. Chupa "ya Charles X" yenye alama hiyo ya tindikali imejishtaki yenyewe.

Jina Charles X nalo lisikubane sana. Alitawala 1824 hadi 1830, lakini sokoni jina lake hufunika miaka kama ishirini: maumbo yaliyotulia, mdomo mpana uliokunjuka, shaba iliyofunikwa dhahabu, mapambo machache. Enzi ya Napoleon III (1852 hadi 1870) huja na maua yaliyochorwa, nyoka wa kioo wanaojiviringisha shingoni, tabaka mbili za rangi na dhahabu nyingi.

Seti, na kizibo kinachoibeba

Katika karne ya 19, kwa kawaida mtu hakununua manukato ndani ya chupa ya fahari. Muuza manukato alikupa chupa ya kawaida yenye karatasi, nawe nyumbani uliyamimina kwenye chupa zako za meza ya kujipambia. Ushirikiano wa muuza manukato Coty na fundi wa vioo Lalique, muda mfupi kabla ya 1910, ndio uliofanya chupa ya dukani yenyewe iwe pambo. Seti za opalini ni vyombo vya kabla ya hapo. Ya kawaida ina chupa mbili zinazofanana na kopo la poda lenye kifuniko. Nyingine huongeza sinia na bilauri. Aina ya pili ni kijisanduku cha opalini chenye bawaba na kufuli, ndani yake kuna kishikio chenye matundu ya chupa mbili au nne ndogo. Hivi viliuzwa sana kwenye maduka ya Palais-Royal mjini Paris, na ndiyo maana jina la mahali hapo limegeuka kuwa jina la mtindo.

Chupa mbili za kweli zilizopulizwa zitapishana milimita chache kwa urefu na gramu kadhaa kwa uzito. Zikilingana kabisa, na ukiona mstari mwembamba wa mshono wa kalibu ya chuma ukipanda ubavuni, zilitoka kwenye kalibu, pengine mashineni. Zikipishana rangi, ziweke pamoja dirishani zikiwa tupu, kisha ubadilishane nafasi zake. Picha ya taa ya njano huficha tofauti ambayo mchana huifichua mara moja. Kwenye dhahabu, hesabu mistari. Mchoraji mmoja alirudia idadi ileile na unene uleule kwenye chupa na kopo. Mistari mitatu hapa na miwili pale ni ndoa ya sokoni.

Lakini pa kukaa kwa muda mrefu ni kwenye kizibo. Kizibo cha karne ya 19 kilisagwa na shingo yake, kimoja kwa kimoja, kwa mchanga wa kusagia hadi vikaingiana. Havibadilishani. Ili visichanganywe karakanani, fundi alichora namba ndogo kwenye ncha ya chini ya kizibo na namba hiyohiyo kwenye mdomo au kitako cha chupa. Tafuta namba hizo kwa kioo cha kukuzia, ukizungusha chini ya mwanga wa pembeni. Zikilingana, umepata ushahidi bora kuliko hati yoyote ya muuzaji. Zikikosekana si kosa, maana si kila chupa iliandikwa. Zikipingana, uliza kama vizibo vya chupa mbili vimebadilishana, jambo linalotokea kila mara na kurekebishika kwa sekunde mbili.

Jaribu hivi: kitie kizibo kikavu polepole, kisha kitikise kwa kidole. Kisicheze. Kitoe utazame sehemu iliyosagwa. Alama ya kugusana iwe pande zote na kwa urefu mwingi. Pete nyembamba inayong'aa juu tu inaonyesha kizibo kinachoning'inia kwenye ukingo, kumaanisha kililetwa kutoka chupa nyingine. Tazama pia rangi ya usagaji. Shingo iliyopokea manukato miaka mia huwa na umanjano ndani ya vinyweleo vyake. Kizibo cheupe pee kando yake kimesagwa upya juzi. Mwisho linganisha kizibo na kitako, sio na bega, kwa kuwa vyote ni vinene na maziwa yake yanapaswa kulingana.

Chini ya kitako tafuta mahali ilipogusa fimbo ya chuma ambayo fundi alishikia chupa, pamesagwa na kung'arishwa pakawa kama kikombe kidogo. Mikwaruzo ya kweli ya umri hukaa kwenye ukingo unaogusa meza na huelekea kila upande. Mikwaruzo inayokwenda njia moja ni kazi ya msasa.

Mapambo ya shaba hutoa tarehe yake. Zamani dhahabu ilipakwa ikiwa imechanganywa na zebaki, kisha zebaki ikafukuzwa kwa moto, kazi iliyowaua mafundi wengi mapema. Matokeo ni dhahabu nzito, yenye sehemu zilizofifia na zilizong'arishwa, na mara nyingi mgongo wa pambo umeachwa na shaba yake. Upakaji wa umeme ulienea kuanzia miaka ya 1840. Huwa mwembamba na sawa mbele na nyuma. Skrubu zenye kichwa cha msalaba ni za karne ya 20. Katika kijisanduku, chupa ziingie kwenye matundu bila kulazimishwa, na kifuniko kifunge bila kugusa vizibo.

Jirani wanaochanganywa zaidi na kitu cha kweli ni watatu. Kuna vijisanduku na chupa za Italia za katikati ya karne ya 20, zenye rangi za kupendeza na shaba nyepesi ya manjano isiyo na dhahabu. Kuna kioo cha maziwa cha mashine cha Vallérysthal na Portieux, viwanda vilivyoungana 1872. Hiki ni cha Ufaransa kweli, ila si kitu kilekile. Na kuna kazi ya Bohemia (sehemu ya Cheki ya leo), mara nyingi nzuri sana, kwa kawaida nyeupe kavu isiyo na moto wala risasi, iliyopambwa kwa enameli nzito, yaani rangi ya kioo iliyochomwa juu yake. Kila kimoja kinafaa kupendwa kwa jina lake.

Kusafisha, na kizibo kilichogoma

Osha kipande kimoja kimoja kwenye beseni la plastiki lililotandikwa taulo. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita mbili za maji vuguvugu kinatosha, na maji ya kusuuzia yawe na joto lilelile; kristali nene hupasuka kwa kupishana kwa joto. Shika tumbo, usishike shingo. Juu ya dhahabu pitisha kiganja tu, kwa sababu dhahabu hii huondoka kwa kusuguliwa hata na kitambaa laini. Siki, amonia na mashine ya kuoshea vyombo visikaribie. Sehemu zenye shaba zifute kwa pamba yenye unyevu, kisha kavu.

Ndani, masalia ya manukato huyeyuka kwa spiriti iliyoachwa usiku mmoja. Utando wa chumvi ya maji huondoka kwa tindikali ya limau, kijiko cha chai kwa nusu lita, saa chache. Mchanga usitie kamwe. Ukungu ukibaki baada ya yote hayo, kioo chenyewe kimeliwa: maji yaliyosahaulika ndani yamenyonya chumvi zake na uso umeharibika. Jaribio rahisi ni kulowesha. Kikiwa kimelowa kinang'aa, kikikauka ukungu unarudi. Hapo hakuna dawa ya nyumbani, na wanaopaka mafuta ndani kabla ya kupiga picha wanauza ugonjwa huo ukiwa umefunikwa. Omba picha ya chupa iliyooshwa na kukaushwa.

Kizibo kilichokwama kwa kawaida kimegandishwa na utomvu wa manukato. Dondosha matone mawili ya spiriti kwenye mshono, mbali na moto na rangi zilizochorwa, subiri saa moja, rudia mara tatu. Kikigoma, tia gliserini na uache saa 24. Halafu zungushia shingo kitambaa kilicholoweshwa maji ya nyuzi 40 kwa dakika moja, ili shingo itanuke kabla ya kizibo, na ugonge kizibo taratibu kwa mpini wa mwiko, kulia kisha kushoto. Koleo na maji ya moto yanayochemka ndivyo vinavyovunja shingo. Rudia siku tatu au nne kabla ya kukata tamaa.

Kuzijaza tena chupa hizi si jambo la kushauri. Risasi hutoka taratibu kwenye kioo na kuingia katika kimiminika kinachokaa ndani, na manukato hayo yanaishia kwenye ngozi. Halud na mafuta mengine ya kujipaka hupanda kwenye usagaji wa shingo na kuganda kama gundi. Marashi ya waridi, ambayo wenye mirashi ya kioo wanayajua, ni maji, nayo yakisahaulika humo ndiyo yanayoanzisha ukungu. Penye hewa nzito ya pwani, kama Unguja, Lamu au Muscat, kausha ndani siku mbili nzima kabla ya kurudisha kizibo, na hata hapo kiache kimekaa juu bila kukikaza, hewa ipite.

Mzigo unaposafirishwa, mwambie muuzaji avitoe vizibo na kuvifunga peke yake, kila kimoja na karatasi yenye namba ya chupa yake. Kizibo kilichoachwa shingoni hugeuka nyundo njiani. Chupa ziwe kwenye boksi ndani ya boksi, na sentimita tano za kitu laini kati ya kuta. Likifika, liache chumbani saa kadhaa bila kulifungua, hasa kama limetoka kwenye baridi ya Ulaya au kwenye ndege, kisha angalia kila shingo kwa mwanga wa pembeni kabla ya kuthibitisha kwamba umepokea.